Alama za Sayansi Zisizofutika na Mlango wa Pili wa Udaktari

Nchini Marekani udaktari wa binadamu hausomwi mara tu baada ya sekondari, kama ilivyo desturi katika Tanzania, Kenya na Uganda, bali hufuata shahada ya kwanza, na kwa sababu hiyo kijana mwenye nia ya kuwa daktari hutumia kwanza takriban miaka minne ya chuo kikuu akisoma baiolojia, kemia, fizikia na hisabati, huku kila alama anayoipata ikihifadhiwa ili ije isomwe na kamati za udahili za shule za udaktari. Mazungumzo haya yanamhusu yule aliyemaliza miaka hiyo na kuipata shahada yake kihalali, lakini akiwa na alama za sayansi zilizoyumba: C mbili tatu katika kemia, D katika fizikia, pengine na somo moja alilofeli akalirudia. Watu wa namna hiyo si wachache, wakiwemo watoto wa familia za Afrika Mashariki zilizohamia huko, na swali lao, yaani kama bado inafaa kuomba nafasi ya udaktari, hujibiwa mara nyingi kwa maneno ya kutia moyo yasiyo na hesabu ndani yake, au kwa maneno ya kukatisha tamaa ambayo nayo hayana hesabu.

Kabla ya kuifikia hesabu hiyo ni vema kueleza sharti lenyewe lilikotoka. Shule ya udaktari ya Johns Hopkins mjini Baltimore ilipofunguliwa mwaka 1893 ilidai mwombaji awe na shahada ya kwanza, jambo lililokuwa geni katika zama ambazo shule nyingi za udaktari nchini humo zilikuwa biashara za watu binafsi zilizompokea karibu kila mwenye ada. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye mwenyewe hakuwa daktari, alitoa ripoti juu ya shule za udaktari za Marekani na Kanada baada ya kuzikagua kwa niaba ya Wakfu wa Carnegie, na ndani yake akasisitiza kwamba mwanafunzi asianze udaktari bila kuwa na msingi wa baiolojia, kemia na fizikia alioupata chuoni. Ripoti hiyo iliinua kiwango cha mafunzo, na hilo halina ubishi, lakini ilichangia pia kufungwa kwa shule 5 kati ya 7 zilizokuwa zikifundisha madaktari weusi, zikabaki Howard na Meharry peke yake. Kwa hiyo tangu mwanzo masomo ya sayansi ya shahada ya kwanza yalifanya kazi mbili kwa mpigo: kupima maandalizi ya mwanafunzi na kumchuja asiye na uwezo wa kulipia miaka ya ziada. Kazi ya kwanza hutajwa na kila mtu, ya pili hutajwa kwa nadra, ingawa bila ya kuikumbuka haieleweki kwa nini waombaji wawili wenye alama zilezile hafifu huishia mahali tofauti kabisa.

Sasa hesabu. Matokeo ya chuo kikuu cha Marekani hufupishwa katika wastani mmoja uitwao GPA, ambamo A huhesabiwa pointi 4, B pointi 3, C pointi 2, D pointi 1 na F sifuri, kisha kila alama huzidishwa kwa krediti za somo lake, yaani uzito wake unaotokana na saa za kufundishwa kwa wiki. Mwombaji wa shule za udaktari zinazotoa shahada ya MD hupeleka matokeo yake katika mfumo wa pamoja unaoendeshwa na Jumuiya ya Vyuo vya Udaktari vya Marekani, na mfumo huo humkokotolea wastani wa masomo yote na, kando yake, wastani wa baiolojia, kemia, fizikia na hisabati pekee, hivyo hata mtu aliyepata A nyingi katika historia na lugha hawezi kuufunika udhaifu wake wa sayansi kwa alama hizo. Waliopokelewa katika miaka ya karibuni wamekuwa na wastani wa jumla unaokaribia 3.8, na kati ya waombaji zaidi ya 50,000 kwa mwaka, wanaoanza masomo ni takriban 23,000.

Mtu aliyemaliza krediti 120, ambazo ndizo kiasi cha kawaida cha shahada, akiwa na wastani wa 2.8, ana pointi 336 kwa jumla. Akirudi darasani mwaka mzima, akasoma krediti 30 nyingine na kupata A katika kila somo bila kukosa hata moja, pointi zake zitakuwa 456 kwa krediti 150, yaani wastani wa 3.04. Mwaka mmoja usio na dosari umemsogeza kwa chini ya robo ya pointi, kwa sababu kadiri krediti za zamani zinavyokuwa nyingi ndivyo zinavyokuwa nzito kusukuma. Wastani wa sayansi husogea kwa wepesi zaidi kwa kuwa krediti zake ni chache: mwenye krediti 50 za sayansi kwa wastani wa 2.5, akiongeza 30 za A tupu, hufika 3.06. Takwimu hizi mbili, 3.04 na 3.06, bado ziko mbali na 3.8, na hakuna juhudi inayoweza kuzifikisha huko katika muda unaovumilika. Anayeambiwa kwamba bidii itauponya wastani wake anadanganywa, hata kama anayemwambia hana nia mbaya, kwa sababu linalowezekana ni jambo jingine, nalo ni kuwafanya wasomaji wa hati yake waitazame miaka ya mwisho kuliko miaka ya mwanzo.

Kurudia somo hakufuti kitu pia. Katika mfumo huo wa MD, aliyepata F katika somo la krediti 4 kisha akalirudia na kupata A huhesabiwa alama zote mbili, ikawa kana kwamba amepata C katika krediti 8. Shule za osteopathia, zitakazoelezwa baadaye, zilikuwa zikiihesabu alama ya mwisho peke yake, na kwa miaka mingi watu wenye hati zenye madoa walizikimbilia kwa ajili ya kanuni hiyo, lakini tangu mwaka 2017 nazo zimeacha. Upenyo uliobaki ni wa jimbo la Texas, ambako sheria humruhusu mkazi wa jimbo kuomba masomo aliyoyasoma miaka 10 au zaidi iliyopita yasihesabiwe kabisa katika udahili wa vyuo vya umma, kwa sharti kwamba yaachwe yote, yale mazuri pamoja na mabaya. Huko Tanzania mambo huenda kwa mantiki nyingine: aliyeshindwa somo chuoni hufanya mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita sapu, na katika vyuo vingi hata akifaulu vizuri namna gani hapewi zaidi ya C, ila doa lake huishia hapo na halimfuati katika kila ukokotoaji wa baadaye kama linavyomfuata Mmarekani.

Somo linaloharibu hati nyingi kuliko mengine ni kemia ya kaboni, ambayo vitabu vingine huiita kemia ogania, na kwa kawaida husomwa mwaka wa pili. Ugumu wake hautokani na ukokotoaji. Mwanafunzi hupewa molekuli mbili na kutakiwa aonyeshe, kwa mishale midogo iliyopinda, elektroni zinahama kutoka wapi kwenda wapi hadi kitu kipya kinapatikana, na ujuzi huo haukaririki usiku wa kuamkia mtihani kwa kuwa swali la mtihani huleta molekuli ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Ujuzi huo hutaka mazoezi ya kidogo kidogo kila siku kwa wiki kumi na tano, na kinachohitaji kila siku ni kitu cha kwanza kuachwa na mtu asiye na nafasi. Kijana anayefanya zamu za usiku katika nyumba za kutunzia wazee, kazi ambayo Waafrika Mashariki wengi walioko Marekani huianzia, hutoka kazini saa moja asubuhi, huingia maabara ya kemia saa tatu, na hukaa darasani pamoja na wenzake waliolala kwa saa nane na kulipiwa mwalimu wa ziada. Katika vyuo vingine, tena, alama za somo hili hugawiwa kwa kulinganisha wanafunzi wao kwa wao, hivyo C yake haisemi tu kwamba hakujua kemia; inasema kwamba wenzake walikuwa na saa nyingi kuliko yeye, lakini hati ya matokeo haina safu ya kuandikia jambo hilo.

Hata hivyo si kila alama mbaya ina udhuru. Wapo waliofika chuoni wakiwa na umri wa miaka 18, wakaonja uhuru kwa mara ya kwanza na hawakusoma, na wapo waliosoma kwa bidii yote, bila kazi ya usiku wala ugonjwa wala msiba, na bado hawakuelewa. Kundi hili la mwisho ndilo linaloambiwa ukweli kwa shida zaidi, kwa kuwa aliyejitahidi kwa nguvu zake zote katika mazingira mazuri na kupata C amekwisha kujibiwa swali lake, na kumwongezea miaka miwili ya ada si kumtendea wema. Tofauti kati ya makundi haya haionekani kwenye wastani bali kwenye mwelekeo: alama zilizoanza chini zikapanda mwaka hadi mwaka, zilizoporomoka katika muhula mmoja tu uliokuwa na sababu ya wazi, au zilizobaki palepale tangu mwanzo hadi mwisho.

Je, alama hizi hutabiri nini hasa? Watafiti wamelichunguza swali hili kwa miongo mingi, na jibu lao la jumla ni kwamba wastani wa shahada ya kwanza hutabiri vizuri kiasi ufaulu wa miaka miwili ya mwanzo ya udaktari, ambayo ni ya darasani, na hutabiri kwa udhaifu zaidi utendaji wa mwanafunzi anapokuwa wodini mbele ya mgonjwa. Mfano unaofaa kuelezwa kwa kirefu ni wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, ambacho kuanzia mwaka 1968 kilikuwa kikiwapokea baadhi ya wanafunzi, takriban mmoja katika kila watano, kwa kuzingatia mambo mengine nje ya alama. Matokeo ya miaka 20 yalipochapishwa mwaka 1997, ilionekana kwamba asilimia 94 ya wanafunzi hao walihitimu, ikilinganishwa na asilimia 98 ya wenzao walioingia kwa njia ya kawaida, na kwamba baada ya kuhitimu, makundi mawili hayo hayakutofautiana sana katika mafunzo ya hospitalini wala katika kazi walizozifanya. Asilimia 4 hizo zinatosha kuwasumbua wasimamizi wa chuo ambao hujibu kwa kila mwanafunzi anayeanguka, na ndizo zinazoeleza kwa nini kamati zinaogopa wastani mdogo. Lakini upande wa pili wa takwimu hiyohiyo ni kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi waliodhaniwa ni wa kubahatisha wakawa madaktari kama madaktari wengine.

Hospitali ya Mount Sinai mjini New York ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1987 shule yake ya udaktari ilifungua nafasi kwa wanafunzi wa fasihi, falsafa na taaluma nyingine za utu wasiosoma fizikia wala kemia ya kaboni kwa utaratibu wa kawaida na wasiofanya mtihani wa udahili uitwao MCAT, na tathmini iliyotolewa mwaka 2010 ikaonyesha kwamba walifanya vizuri sawa na wenzao waliotoka kwenye sayansi. Nako Houston, Texas, mwaka 1979, bunge la jimbo liliiamuru shule ya udaktari iongeze wanafunzi 50 baada ya udahili kukamilika, ikabidi wachukuliwe waombaji waliokuwa wamewekwa karibu na mkia wa orodha baada ya usaili. Walipofuatiliwa miaka iliyofuata hawakuonekana kuwa nyuma ya wale waliochaguliwa kwanza. Kisa hiki cha pili kinahusu zaidi udhaifu wa usaili kuliko udhaifu wa alama, lakini kinapaswa kuwapunguzia kiburi wote wanaodhani orodha ya udahili huwapanga watu kwa ubora wao.

Mtihani wa MCAT uliotajwa hapo juu ni mtihani wa pamoja unaofanywa na karibu kila mwombaji wa udaktari Marekani. Kwa muundo wake wa sasa, ulioanza mwaka 2015, una sehemu nne na alama zake huanzia 472 hadi 528, na siku ya mtihani humchukua mtahiniwa zaidi ya saa saba ukijumlisha na mapumziko. Kwa mwenye hati dhaifu mtihani huu ni muhimu kuliko kwa mtu mwingine yeyote, kwa sababu ni kipimo kipya kisichochanganywa na makosa ya zamani. Wenye GPA iliyo chini ya 3.2 wanaopokelewa aghalabu huwa na MCAT ya juu inayothibitisha kwamba sayansi ile iliyowashinda wameijua. Lakini hauruhusiwi kufanywa ovyo, kwani mtu hawezi kuzidisha mara 3 kwa mwaka mmoja, mara 4 katika miaka miwili mfululizo na mara 7 katika maisha yake, na majaribio yote huonekana na kamati. Kuufanya kabla ya kuwa tayari, kwa matumaini tu ya kuona itakuwaje, ni kosa ambalo mwenye alama nzuri anaweza kulimudu na mwenye alama mbaya hawezi.

Njia ya kujirekebisha iliyozoeleka ni masomo ya baada ya shahada, ambayo ni ya aina mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Aina ya kwanza ni ya waliobadili fani, kwa mfano mwanasheria ambaye hakuwahi kusoma sayansi. Programu mashuhuri za Bryn Mawr na Goucher ni za kundi hilo, na mwenye C zake za kemia akizikimbilia kwa sababu ya sifa njema za programu hizo atakataliwa, kwa kuwa hazikuwekwa kwa ajili yake. Aina ya pili ni ya wenye hati dhaifu, ambao husoma masomo ya juu ya sayansi kama biokemia, fiziolojia na jenetiki ili kuonyesha kwamba wamebadilika. Juu ya hizo zipo shahada za uzamili za mwaka mmoja, mfano wake unaojulikana ukiwa ule wa Chuo Kikuu cha Georgetown, ambamo mwanafunzi huketi darasani pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari na kupimwa kwa masomo yaleyale. Hoja yake ni nzuri: anayetiliwa shaka kama ataweza udaktari anauonyesha uwezo huo waziwazi. Ila alama za uzamili hukokotolewa kando na haziungani na wastani wa shahada ya kwanza, na anayefanya vibaya humo huwa amethibitisha hofu ya kamati kwa ushahidi wa karibuni kabisa, kiasi kwamba baada ya hapo ni vigumu kupata msikilizaji.

Shule za osteopathia zinastahili neno lao. Zilianzishwa na Andrew Taylor Still, aliyefungua shule ya kwanza mjini Kirksville, Missouri, mwaka 1892, na hufundisha tiba yote ya kisasa pamoja na mbinu za kutumia mikono katika kutibu mifupa na misuli. Wahitimu wake hupata shahada ya DO badala ya MD, nao ni madaktari kamili wenye leseni ileile ya kuandika dawa na kufanya upasuaji, tofauti na wenye jina hilo nchini Uingereza ambao si madaktari. Na tangu mwaka 2020 mafunzo ya hospitalini ya makundi yote mawili yamo chini ya mfumo mmoja wa ithibati. Wastani wa alama za wanaopokelewa huwa chini kidogo ya ule wa MD, hivyo kwa mwombaji aliyeyumba hapa ndipo penye uwezekano mkubwa zaidi ndani ya nchi. Dharau dhidi ya shahada hii, ambayo bado husikika katika familia za wahamiaji zinazotaka herufi mbili zinazojulikana nyumbani, haina msingi wowote wa kitaaluma.

Zaidi ya hapo zipo shule za visiwa vya Karibea, zilizoanzishwa hasa kwa ajili ya Wamarekani waliokosa nafasi kwao. Chuo Kikuu cha St. George's nchini Grenada kilianzishwa mwaka 1976, na wanafunzi wake wa Kimarekani, waliokadiriwa kufika 600, walitajwa na Rais Ronald Reagan kuwa moja ya sababu za kuivamia nchi hiyo Oktoba 1983. Shule ya Ross ilikuwa Dominica hadi kimbunga Maria cha mwaka 2017, ikahamia Barbados. Ile ya Montserrat ilikimbia volkano ya mwaka 1995, ikaenda Sint Maarten. Kuingia katika shule hizi ni rahisi kuliko kutoka, maana nyingi hupokea wanafunzi wengi mno na kuwaondoa njiani wasiomudu, wakiwa wamekwisha kulipa. Anayehitimu hukutana na kizingiti cha pili, yaani ugawaji wa nafasi za mafunzo ya hospitalini unaofanyika kila Machi, ambamo kwa miaka ya karibuni wahitimu wapya wa shule za ndani wamepata nafasi kwa zaidi ya asilimia 90, ilhali Wamarekani waliosoma nje hupata kwa takriban theluthi mbili. Bila mafunzo hayo hakuna leseni, na mtu hubaki na jina la daktari, deni la mamia ya maelfu ya dola, na hana ruhusa ya kumtibu mtu. Kuziita shule hizi utapeli si haki, kwani zimetoa madaktari wengi wanaohudumia miji na vijiji vya Marekani. Kuziita njia ya mkato ni hatari zaidi.

Hapo ndipo gharama inapolielemea suala zima. Kila njia iliyotajwa hulipiwa, na hulipiwa baada ya shahada ambayo yenyewe pengine ilisomwa kwa mkopo. Kwa sheria iliyopitishwa Julai 2025, mikopo ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wapya wa fani kama udaktari ina ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla kuanzia Julai 2026, na wa shahada za uzamili za kawaida, zikiwemo zile za kujirekebisha, dola 20,500 kwa mwaka, kiasi ambacho ada ya programu nyingi za aina hiyo hukizidi. Mtoto wa mwenye uwezo atalipiwa pengo hilo na wazazi. Aliyepata C kwa sababu ya zamu za usiku ataongeza zamu ili alipie fursa ya kurekebisha C iliyosababishwa na zamu, na kamati itakayomhoji itastaajabu kuona alama zake hazikupanda haraka. Mfumo unaojivunia nafasi ya pili umeiuza nafasi hiyo kwa bei inayowashinda wale wenye sababu nzuri zaidi ya kuihitaji.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, California imeonyesha. Shule kadhaa za udaktari za chuo kikuu cha jimbo hilo ziliunda programu ya mwaka mmoja kwa waombaji waliokataliwa wanaotoka katika mazingira duni, ikiwapa masomo, maandalizi ya MCAT na mshauri wa karibu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba takriban theluthi mbili ya walioipitia waliingia udaktari, huku kati ya wenzao waliolinganishwa nao wasioipitia wakiingia chini ya robo. Watu walikuwa walewale kwa sifa za mwanzo, ila kundi moja lilipewa mwaka wa kusoma kwa utulivu.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki ulinganisho unaofaa ni ule wa ngazi ya tabibu. Nchini Tanzania aliyekosa alama za kidato cha sita za fizikia, kemia na baiolojia anaweza kurisiti, au anaweza, kwa kutumia matokeo yake ya kidato cha nne, kusoma stashahada ya utabibu kwa miaka mitatu, akafanya kazi zahanati au kituo cha afya, kisha akaomba shahada ya udaktari kwa sifa linganifu, ambazo kwa kawaida hudai wastani wa B katika stashahada hiyo. Njia hiyo ni ndefu, nafasi zake ni chache, na sharti la B halimwachi mvivu apite. Lakini inamlipa mtu mshahara wakati anajithibitisha, na kinachopimwa ni masomo yaliyo karibu na udaktari wenyewe. Marekani karibu haina daraja la namna hiyo. Muuguzi wa huko mwenye uzoefu wa miaka 10 akitaka kuwa daktari hurudishwa kwenye kemia ya kaboni kama kijana wa miaka 19.

Wazazi walioko ughaibuni wanaoisikia tofauti hiyo huanza kuwaza kumrudisha kijana mwenye shahada dhaifu ya Marekani aje asome udaktari Dar es Salaam au Mwanza. Mpango huo hauna ubaya, mradi ueleweke kabla ya tiketi kukatwa: shahada ya nje hutakiwa kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, kila chuo huamua kama kitaikubali kuwa sifa ya kuingilia, masomo ni miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo kabla ya usajili kamili katika Baraza la Madaktari Tanganyika. Na akitaka baadaye kurejea Marekani kufanya kazi, atahesabiwa kuwa Mmarekani aliyesoma nje, atafanya mitihani ya leseni ya huko, na atasubiri mgawo wa Machi katika foleni ileile ya waliotoka Grenada na Barbados.